Mafuta ya Mikaratusi Hayanywewi

Papa Olive,

Sombe iko kwenye sufuria, uipashe moto. Mimi na mutoto tuko kituo cha afya, nimerudia nguo zake tu.

Asubuhi alikohoa sana. Dada yako Émérance akamunywesha kijiko cha mafuta ya mikaratusi, yale ya kujifukizia. Olive akatapika, akalegea mikononi mwangu. Muganga wa kituo anasema hayanywewi hata kidogo. Sasa amefungua macho, anakuulizia. Chupa uiweke juu ya kabati.

~~Émérance arudi kwenu Kibumba leo.~~

Émérance abaki. Alimubeba Olive mugongoni mpaka kituoni, akikimbia bila viatu juu ya mawe ya volkano. Umupashie maji aoshe miguu. Mimi bado sijaweza kumushukuru.

Mama Olive