Kiti Mbele ya Shuka Jeupe

Mama Mshauri, pokea salamu zangu na unisikilize mpaka mwisho, maana nyumbani hakuna tena wa kunisikiliza. Mimi ni mtu mzima mwenye wajukuu, nakaa hapa Goma mtaa wa Katindo, na maisha yangu yote nimefanya biashara ya maharage na vitunguu kati ya Butembo na Goma, mpaka vita vya waasi vikafunga barabara kule Kibumba, lori likasimama, nami nikawa mtu wa kukaa uani na kukosoa sufuria za mke wangu, ndipo nikanunua kamera ya mtumba pale sokoni Birere, nikajifunza mwenyewe, na nisikufiche mama, sijapenda kitu namna hiyo tangu utoto.

Nje huwezi kuinua kamera, askari watataka kujua picha unampelekea nani, kwa hiyo nilitundika shuka jeupe kwenye ukuta wa uani, nikaweka kiti cha sebuleni mbele yake, nikawaita majirani, na waliokuwa na nafasi ni wazee, wakaja na nguo zao za misa, wakakaa wima, nikawapiga picha vizuri sana. Kisha jirani yetu Mama Thérèse akafariki kwa presha, na watoto wake hawakuwa na picha nyingine, maana za zamani ziliungua pamoja na nyumba zetu volkano ilipomwaga moto mjini mwaka 2002, wakaja kwangu, nikawapa ile, ikawekwa mezani matangani na mshumaa pembeni, na watu wakaisifu. Baadaye muzee Samy wa kwaya naye akaenda, picha ikawa ya kiti kilekile, na baada yake wengine, hata sasa nikitoka na kamera wazee wa mtaa wanaingia ndani kama wameona mvua.

Hayo ningeyavumilia. Tatizo ni mke wangu Kasoki. Picha yetu ya arusi ilikuwa ukutani na iliungua na nyumba, hatujapata nyingine, na ukweli ni kwamba naanza kuusahau uso wake wa siku ile na jambo hilo linaniogopesha, kwa hiyo nimemwomba sana akae nimpige picha, mpaka siku moja akaacha kuchambua maharage akaniambia polepole: "Papa, benye balikaa pa ile kiti, tulishabazika. Unataka na miye nibafuate?"

Ni kweli, waliokaa kwenye kile kiti tumeshawazika, lakini wiki ileile nikampiga picha kwa siri kupitia dirisha la jikoni, akasikia mlio, akataka niifute, nikasema nimefuta, kumbe sikufuta, naye akaikuta. Hakugombana. Alifunga furushi la vitenge vyake, akaenda kwa mdogo wake Katungu huko Majengo, na ametuma neno kwamba atarudi siku kamera itakapotoka nyumbani. Niiuze? Na nikiiuza, uso wake nitaupata wapi?

Sikuli, Katindo


Papa Sikuli, pole kwa barabara na pole kwa nyumba iliyoungua. Pole zangu zinaishia hapo.

Kamera yako haijaua mtu. Uliwapiga picha wazee wenye presha, na wazee hufariki, hata wasio na picha. Lakini tazama umewapigaje: kiti kimoja, shuka moja, nguo za misa, kila mtu peke yake, hakuna anayecheka. Hizo zilikuwa picha za matanga tangu siku ulipozipiga, zilingoja mshumaa tu. Kasoki ameliona hilo, wewe mwenye kamera hujaliona.

La pili, usinizungushe. Alikataa, ukamvizia jikoni kwake. Akakuuliza, ukamdanganya. Hilo ndilo lililomtoa nyumbani, na mimi ningeondoka pia.

Kamera usiuze. Mwanamume wa umri wako akipata kitu cha kumwondoa kwenye sufuria za mkewe, akishike. Ila kiti kirudi sebuleni, na shuka lifuliwe lirudi kitandani. Wazee wapige picha wakibishana, wakinywa chai, wakifanya kazi zao. Kisha nenda Majengo, kamera uishike mkononi ionekane, umpe Kasoki ile picha uliyoiiba, aifute mwenyewe au aitunze, nawe uombe msamaha Katungu akisikia. Akisema hataki picha nyingine, basi, yaishe. Utamtazama kwa macho, maana atakuwa amerudi nyumbani.

Lakini nadhani atakubali, ukiomba vingine. Barua yako nzima unalilia uso wake. Picha iliyoungua, papa, ilikuwa na watu wawili. Tangu ununue hiyo kamera umekuwa ukimwita akakae peke yake, na kwenye meza ya matanga mtu huwekwa peke yake. Mpe Katungu kamera, mwonyeshe pa kubonyeza, halafu nenda ukasimame kando ya mkeo.