Baba, Mwandishi Wetu Hakufika

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijawahi kuanza kusema nawe bila kukuamkia, na sitaanza leo.

Nakuandikia kutoka Lindi mjini, kwenye chumba cha kupanga nyuma ya soko. Nasomea uandishi wa habari, na chuo kimenileta huku kwa mafunzo ya vitendo, kwenye gazeti. Ndiyo, lile lile. Mama alipojua nimeomba mwenyewe kupangiwa huku, alikaa siku nzima bila kunisemesha. Kisha akasema, "Haya, nenda kawaone sura zao."

Unakumbuka Kivinje, jioni? Ulikuwa unarudi kutoka kutengeneza mashine za kusaga huko vijijini, unanawa grisi kwa sabuni ya unga, unakaa barazani na gazeti lililokuja na basi. Ulinisomea kila kitu, mpaka matangazo ya minada. Nilikuwa mdogo nilipokuuliza, "Baba, huyu Mwandishi Wetu anaishi wapi? Mbona yuko kila mahali?"

Ulicheka mpaka ukakohoa. "Huyo, mwanangu, halali usingizi. Leo yuko Songo Songo, kesho utamsikia Nachingwea."

Nikatamani kuwa yeye.

Simu za kupangusa zilipoingia nyumbani, Mama akawa anatuletea habari za kwenye grupu, nawe ukawa unamtania. "Huko watu wanaropoka tu," ulikuwa unasema. "Gazetini kuna mhariri. Kuna mtu wa kuuliza kwanza." Uliliamini gazeti, Baba. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine yote.

Siku ile ulikuwa unatoka kwenye mashine, bara huko, barabara ya Likawage. Mwanamke mmoja, Mwanaidi, alikusimamisha. Mwanawe alikuwa amepatwa na degedege, naye alikuwa na kichanga cha siku chache, hawezi kupanda pikipiki. Akakukabidhi mtoto umkimbize kituo cha afya, mjomba wake afuate kwa baiskeli. Ulimfunga mtoto kifuani kwa kanga ya mama yake ukaondoka. Kwenye kijiji cha mbele ulisimama kumpooza kwa maji. Mtu akakupiga picha na kuirusha kwenye grupu: mwanaume mgeni, kambeba mtoto si wake, mtoto hajitambui, wazazi kaeni macho. Ulipofika kijiji kilichofuata, barabara ilikuwa imezibwa kwa magogo. Walikuwa wanakusubiri.

Yaliyofuata unayajua wewe. Mtoto walimnyang'anya wakampeleka kituo cha afya wenyewe. Alipona.

Sisi tuliyajua kwenye simu ya jirani. Mama alikutambua kwa shati, kabla mtu yeyote hajaja kutuambia. Wiki ile gazeti likaandika: "Mwizi wa watoto auawa na wananchi wenye hasira kali." Jina lako walilikosea, umri wako waliukosea, na picha ilikuwa ile ile ya kwenye grupu. Juu yake pameandikwa: Na Mwandishi Wetu. Nilisoma mara nyingi nikitafuta mahali alipofika, mtu aliyezungumza naye, swali aliloliuliza. Hakufika popote, Baba. Alikaa kitini akanakili.

Baba mdogo alikwenda kuwalalamikia. Baadaye sana wakachapa mistari michache chini ya tangazo la mnada wa korosho, kwamba imebainika marehemu hakuwa mwizi. Marehemu yupi, hawakusema.

Basi chuoni, tulipotakiwa kuchagua mada ya utafiti, nilichagua hii: magazeti yetu ya mikoani na habari zinazorushwa na wananchi. Mwalimu wangu aliisoma akavua miwani. "Somoe, huu ni utafiti au ni msiba?"

"Vyote viwili, Mwalimu."

Hakunikatalia. Alinionya tu nisitafute wa kumlaumu kabla sijasikiliza.

Nilidhani nitaandika kwamba simu za wananchi ndizo zilizokuua. Kisha nikaenda kwa Mwanaidi. Aliponiona alijua mimi ni nani, akaanza kulia kabla sijavua viatu. Alipotulia akanisikilizisha sauti yake mwenyewe kwenye simu. Siku ile ile, aliposikia wanachosema watu, alijirekodi na kuirusha kwenye grupu hilo hilo: "Jamani, mtoto ni wangu, nimempa mwenyewe, yule baba ni fundi, mwacheni!" Anapiga kelele, kichanga kinalia nyuma yake.

"Hakuna aliyeisambaza," alisema. "Picha wameisambaza wote."

Kwa hiyo habari moja tu ya kweli juu yako ilitangazwa na mama wa kijijini asiye na kitambulisho cha uandishi. Ilikuwepo mtu yeyote aisikie. Gazeti lilikuwa na siku kadhaa za kuisikiliza. Niliandika hivyo, na sijui kama nimetenda haki kwa wote, lakini ndivyo nilivyokuta.

Nilimwuliza mhariri pia. Si mtu mbaya, Baba, nilitamani awe mbaya. "Kila mtu alikuwa nayo, binti," aliniambia. "Tungeiacha, tungeonekana tumelala." Hakuniangalia usoni.

Jumatatu hii ikaja picha nyingine. Mwanaume kalala kando ya njia, kijiji cha huko kaskazini. Mwizi wa mbuzi, grupu limesema. Kichwa cha habari kilikuwa tayari, na unajua kilivyosema. Mhariri akanipa habari yenyewe niipunguze ienee kwenye nafasi.

"Familia yake imesemaje?" nikauliza.

"Utaipata wapi saa hizi?"

Nilimpigia mtendaji wa kijiji, akanipa namba ya mke. Yule mama alipokea haraka, sauti ya kawaida kabisa. Nikamwambia nauliza habari za mumewe.

"Katoka tangu asubuhi," akasema. "Kaenda kumtafuta mbuzi wetu, kakata kamba. Umemwona?" Kisha nikasikia mlango ukifunguliwa. "Dada, kuna watu wanakuja huku wanalia. Kuna nini?"

Nilimwambia akae chini. Nikamwuliza kama kuna ndugu karibu. Akawa anasema, "Kuna nini? Niambie, kuna nini?" mpaka wale watu wakafika, na nikasikia simu ikianguka.

Mhariri alifuta neno mwizi mwenyewe. Habari ilitoka na jina sahihi la marehemu, na mbuzi wake, na kamba iliyokatika. Picha ingali inazunguka na maneno yale ya mwanzo. Leo nimeletewa tena na mtu wa huko Masoko, jirani na Kivinje kwetu, ananitahadharisha.

Mchana huu yule mjane amenipigia. Hakulia. Watoto wake wanaitwa watoto wa mwizi shuleni, na huko kwao gazeti halifiki. Aliuliza kama kuna namna yoyote ya kuwaambia wenzao kwamba baba yao hakuwa mwizi.

Kesho naondoka na basi la kwanza. Nitamwomba mwalimu mkuu anisimamishe mbele ya wanafunzi, nami nitasema kwa mdomo wangu.

Mungu akulaze pema, Baba. Mama anakuombea kila swala.

Ni mimi, binti yako,
Somoe