Sentimita Kumi za Asifiwe

Mpendwa Mshauri,

Niwie radhi kwa kimya cha miaka miwili. Uliponishauri, baada ya kustaafu ualimu na kumzika mume wangu, kwamba nirudie uchongaji niliouacha ujanani, nilikutii, na leo naomba msaada wako tena, ila kwanza nashukuru, kisha naungama.

Nachonga picha kwenye ubao, naupaka wino mweusi, kisha napiga chapa kwenye karatasi. Mbao hunikatia fundi Aliko wa Ipinda, ambaye hupima kwa shubiri yake, nami sikumsahihisha, kwa hiyo hakuna ubao unaolingana na mwingine, na fremu zake ni hivyo hivyo. Mtoto wa kaka yangu, Dickson, mwenye duka la intaneti mjini Mbeya, huziweka picha hizo kwenye tovuti ili watu wa nchi za mbali wazinunue. Mwanzoni aliziweka kubwa mno, zikachelewa kufunguka hata wateja wakaondoka, akazipunguza, na mmoja akauliza kama ninauza stempu. Fremu ya kwanza tuliyotuma ilifika kioo kikiwa vipande. Hata hivyo kijana huyo hakunichoka, Mungu ambariki.

Mwaka huu nilimchora Anyes, mfinyanzi wa kabila la Wakisi pale Lyulilo, kando ya Ziwa Nyasa, ambaye vyungu vyake nimepikia tangu nikiwa mwalimu kijana. Alikubali kwa sharti kwamba mke wa mwanawe, Asifiwe, naye aonekane.

"Mwalimu, macho yangu yamekwisha," alisema. "Mimi nainua tumbo la chungu, shingo anaimaliza huyu. Ukinichora peke yangu umechora uongo."

Asifiwe akacheka. "Mwache, mama. Mimi nina sura ya kuuzia samaki."

Nikawachonga wote wawili, kwenye chapa Anyes akitokea kulia, Asifiwe kushoto, mkono wake ukiwa kwenye shingo ya chungu. Ubao una upana wa sentimita thelathini na nane na kimo cha ishirini. Dickson akasema, "Shangazi, fremu za huko zina vipimo vyake. Toa sentimita kumi za kushoto, itaenea kwenye fremu ya A4." Nilibisha, kisha nikafunika upande wa Asifiwe nilipopaka wino, ukabaki mkono wake tu, ukitokea ukingoni, na Dickson akaniambia huo mkono ndio utakaowavuta. Alisema kweli: kwa wiki moja wameiagiza watu watatu, ilhali zile nyingine, kwa miaka miwili, zimenunuliwa mbili tu.

Siku ya soko Anyes alinipa chungu kikubwa, akakataa malipo. "Ndaga fijo, Mwalimu," akasema, yaani asante sana. "Na Asifiwe wamemwona huko?"

Nikajibu, "Wamemwona." Mimi, niliyewaadhibu watoto wa watu kwa kusema uongo miaka thelathini na mmoja.

Je, niwatumie wateja picha iliyokatwa, kwa kuwa wameiagiza hivyo, au niirudishe nzima, niwapoteze wao na kumvunja moyo Dickson? Nitakuandikia mara nitakapoamua.

Veronika, Ipyana, Kyela

*

Mwalimu Veronika,

Nimefurahi kwamba unachonga. Sasa nivumilie.

Shida yako ya vipimo ni ndogo. Karatasi ya A3 ina upana wa sentimita arobaini na mbili na kimo cha karibu thelathini. Piga chapa ubao wako mzima katikati yake. Zitabaki sentimita mbili kila upande na karibu tano juu na chini. Weupe huo uache, unaipa picha nafasi ya kupumua, na mteja atanunua fremu ya A3 kwao. Usitume kioo tena. Tuma karatasi peke yake, imebanwa kati ya kadibodi mbili ngumu. Kwenye tovuti Dickson aweke picha ndogo inayofunguka upesi, ambayo mteja akiibonyeza ataiona kubwa, na chini yake vipimo viandikwe kwa sentimita. Aliko mnunulie rula.

Lililo kubwa ni jingine. Wachoraji hukata picha kila siku na hawatendi kosa. Wewe ulipewa sharti, ukalikubali, ukalivunja, kisha ukapokea chungu. Shingo ya chungu hicho imemalizwa na nani, Mwalimu?

Mwambie Dickson aiondoe picha hiyo leo. Ana upendo, atakuelewa. Wateja watatu waandikie kwamba ilikatwa na uwaonyeshe nzima. Atakayeghairi, mshukuru, muage. Kisha nenda Lyulilo na nakala nzima, umpe Asifiwe mkononi mbele ya mama mkwe wake, na useme kwamba ulidanganya. Jina la Dickson usilitaje. Aliyepaka wino ni wewe.

Anyes akisema isiuzwe, pangusa ubao uuweke darini. Uamuzi ni wake. Akishautoa, niandikie.

Mshauri