Nafunga Saa Nitakayo

Malindi, Lushoto

Dada yangu Shamsa,

Shikamoo. Msalimie sana shemeji, na huko Zirai nibusie watoto wote, hata yule anayeng'ata. Huku sote wazima, na baridi nayo ni nzima kutushinda. Ningekupigia simu, ila najua ungenikatiza, na habari hii nataka nijitambe nayo mpaka mwisho.

Dada, nimeshinda! Ile sheria ndogo ya kijiji, ya maduka kufungwa saa kumi na mbili jioni, nimeiangusha mkutanoni. Ilikuwa inaliua duka la marehemu baba. Wakulima wanamaliza kuosha karoti giza limeshaingia, wanakuta nimefunga, kesho yake wananunua mjini. Lingenifia mikononi, na wewe ungenizika nalo.

Nikasimama na koti la baba. Nikawaeleza Kariakoo nilikoishi, watu wananunua sufuria usiku kana kwamba ni mchana. Mwenyekiti wetu, mzee Sefania, akauliza huko nilikuwa muuzaji au mbeba mizigo. Watu wakacheka, nami nikacheka, nikamjibu kwamba mbeba mizigo ndiye anayejua duka linafungwa saa ngapi, maana halali mpaka lifungwe.

Aliyenibana ni Rahma, yule mjane wa duka la mkabala. Alisema mimi Jafari sina wa kumpikia, ndiyo maana sijui jioni ina kazi gani. Nikiacha wazi, naye itabidi aache wazi, la sivyo wateja watahamia kwangu. Je, watoto wake wale saa ngapi? Nikapaza sauti. Bahati nzuri Raheli wa karoti akasema amechoka kugonga milango ya watu akitafuta chumvi. Mikono ikasimama kama shamba la vitunguu! Sasa kila mwenye duka anafunga saa atakayo.

Jioni ya kwanza niliuza mpaka mizani ikapata joto. Kutazama ng'ambo, Rahma naye yuko wazi, binti yake mdogo kalala juu ya gunia la sembe, hajala. Nikafunga, nikavuka barabara, nikamwambia naye afunge. Kuanzia kesho tupeane zamu, jioni yake na jioni yangu. Akaniuliza kama nilipigania kufungua ili nipate kufunga. Nikamjibu sheria inasema saa nitakayo, na mimi nataka sasa hivi.

Tangu hapo maduka yote mawili yanapumua. Na sasa lile lililonishikisha kalamu. Jioni za zamu yangu Rahma huniletea makande. Sahani ya kwanza niliirudisha tupu. Ya pili niliirudisha na sukari. Ya tatu niliirudisha na posa. Alicheka mpaka akashika mlango, akasema posa haiji na sahani, nina dada mkubwa, aje. Basi njoo, dada, na shemeji. Sharti lake ni moja: siku ya harusi maduka yote mawili yafungwe kutwa nzima. Nimenyoosha mikono yote miwili.

Wasalimie wanaoniulizia, na wasioniulizia wajue nimeshinda. Naishia hapa, zamu yangu imefika.

Mdogo wako,
Jafari