Kombe Ulilokunywa Mbele Yangu

Bibi yangu Mwanamisi,

Shikamoo. Huko uliko huwezi kuniitikia marahaba, lakini najua nikianza bila salamu ungenikatiza: "Nyinyi wa bara hamkufunzwa?" Basi shikamoo, bibi, na uniwie radhi mapema, maana nililo nalo litakutia aibu.

Nilipoletwa wodini kwenu nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa pili, nikijua vidonda vya vitabuni tu. Mguu wako ndio uliokuwa wa kwanza. Kisukari kilikuwa kimekula vidole viwili, na nilipofungua bendeji nilikimbilia dirishani kutapika. Ulicheka mpaka kitanda kikatikisika. "Mwanangu, mimi nalala na mguu huu, nawe wauogopa?" Ukanifundisha kuilowesha gauzi kwanza isije ikang'oa nyama, na kukutazama usoni nikisafisha, si kukikodolea macho kidonda tu. Sista wa wodi alinifundisha pia, lakini yeye hakuwa akiumia. Wiki tatu nilikuosha, nikakugeuza, nikakusuka, na wewe ukaacha kuniita mwanangu ukaniita mjukuu wangu.

Kisha daktari akasema mguu ukatwe chini ya goti. Alikuwa akija kupasua Jumanne tu, na habari za kupelekwa Mombasa ulizikataa katakata. Jumatatu jioni nilikuambia usile wala usinywe chochote mpaka utoke thieta. Uliitikia vizuri.

Asubuhi mwanao Hamisi akaja na chupa ya kombe. Nilishajua ni nini: aya zimeandikwa kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya marashi, mgonjwa anywe apate shifaa. Nilikuwa kando ya kitanda, kipimajoto mkononi. Hamisi akamimina kikombe. Neno moja tu lingetosha. Lakini ulikuwa mwaka mmoja tangu vurugu za Likoni, watu wa bara walipofukuzwa Pwani, na kwetu Shimba Hills baba alikuwa bado hajafungua mizigo aliyoifunga siku zile tukingoja kufukuzwa. Nikajiuliza, mimi Mkristo wa kuja, nimzuie mtu kumpa mamake maneno ya Mungu? Nikaogopa. Ukasema Bismillahi, ukanitazama, ukanywa lote.

Sista alipokuja kuuliza kama umekula au umekunywa, hapo ndipo nikasema kweli, kwamba umekunywa kombe. Nilijua anayelazwa kwa dawa ya usingizi na kitu tumboni anaweza kupaliwa akafa. Upasuaji ukaahirishwa wiki nzima. Sista akanigeukia: "Na wewe ulikuwa wapi?" Kabla sijafungua mdomo ukajibu wewe.

"Mtoto hakuwepo. Alikwenda kuchota maji. Aliporudi nikamwambia mwenyewe. Msimwandame."

Hamisi akainamisha kichwa. Nami nikanyamaza.

Tulipobaki wawili nilikuuliza kwa nini. "Wangekufukuza," ukasema. "Na mimi nani atanifunga huu mguu? Yule mwenzio mwenye mikono ya kuchuna mbuzi?" Ukacheka. Sikuweza kucheka nawe.

Jumanne ya pili uozo ulikuwa umepanda. Wakakata juu ya goti. Siku ya nne homa ikaingia, siku ya sita nikayafumba macho yako kwa vidole vyangu mimi. Daktari alisema sukari ilikuwa imekwisha kukumaliza, na kwamba hata ile Jumanne ya kwanza pengine isingekuokoa. Pengine. Neno hilo nimelala nalo mwaka mzima.

Kumbe balaa lilikuwa bado. Metroni, mkuu wa wauguzi, alipata habari kwa sista, naye amenifanya mfano. Kila darasa jipya linasimuliwa habari za mwanafunzi aliyesema kweli ingawa ingemletea lawama. Watu hunipigia makofi, nami natabasamu kama mjinga, natafuta mlango. Nikisema nilikuwepo, nimemwita mwongo maiti asiyeweza kujitetea. Nikinyamaza, nala sifa isiyo yangu. Huku kunabana, na huku kunabana.

Kazi nimeijua, bibi. Siku hizi mgonjwa wa thieta simwachi hata dakika. Jamaa wakija na chupa, naipokea kwa mikono miwili, nasema: "Shikamoo mzee. Hili kombe tulitunze, atalinywa akishaamka." Huniambia ahsante. Hajanigombeza mtu hata mmoja, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba neno lenyewe lilikuwa jepesi kiasi hiki.

Ijumaa tunahitimu. Metroni anataka mimi ndiye niwaongoze wenzangu katika kiapo, kwa sababu ya uaminifu wangu. Nimejaribu kukisoma peke yangu chumbani, sikufika katikati.

Basi kesho asubuhi nitabisha hodi ofisini kwake. Nitamwambia sikwenda kuchota maji. Nilikuwa nimesimama pale, ningeweza kukishika kile kikombe. Wakinifukuza, na wanifukuze. Mikono uliyoifunza hawataninyang'anya. Ila wewe, bibi, katika siku zote nilizokuuguza sikukusikia ukisema uongo mwingine. Ulisema huo mmoja kwa kunipenda, na kesho nitakuumbua. Nisamehe.

Mjukuu wako wa wodini