Bangi ya Akiru

Jumanne usiku, 1966

Usingizi hauji, na si mimi niliyeshikwa.

Leo mchana polisi walipekua nyumba zetu wakitafuta mashifta, waasi wanaopigana na serikali huku kaskazini. Jikoni kwa Halima, jirani yangu Mborana, wakatoa mfuko wa bangi chini ya kuni.

"Hii ndiyo mnauza mpate kulisha shifta!"

Halima? Hajawahi kuvuta hata sigara. Na siku hizi Mborana akichukuliwa kwa jina la shifta, hatujui kama atarudi.

Ndipo Akiru akatoka kwake. Huyu mama Mturkana, jirani yetu mwingine, anauza bangi kwa siri tangu mbuzi wake waibwe, na ndiyo inalisha watoto wake wawili. Hakuna aliyemtaja. Angeweza kunyamaza tu.

"Afande, hiyo ni yangu. Nilificha hapo, huyu mama hajui kitu."

"Unajua utafungwa?"

"Najua. Mimi nitafungwa, nirudi."

Wakamtia pingu. Mimi Mmeru nauza miraa yangu, nayo pia ni kilevi cha kutafuna, sokoni mchana kweupe na hakuna anayenigusa. Moyo kama ule wa Akiru sijui kama ninao. Sidhani.

Ninachohofia ni muda watakaompa. Ikiwa ni miaka...

Jioni nilienda kuchukua watoto wake walale kwangu. Sikuwakuta kwao. Halima, aliyekuwa akimgombeza mama yao kila siku kwa biashara hiyo, alikuwa ameshawachukua kwake, akawapa chai ya maziwa na kuwatandikia ngozi katikati ya watoto wake.

"Hawa ni wangu mpaka arudi," akaniambia.