Datsun ya Zaidi Kabla ya Magharibi

Majengo, Dodoma
6 Novemba 1994

Kaka yangu mpendwa Abdulnasiri,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh, na shikamoo yako. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, na kwamba joto la huko Dubai halijakukausha ukabaki mifupa mitupu. Sisi huku ni wazima kiasi chetu. Mvua bado haijanyesha, na upepo umekusanya vumbi la Dodoma nzima ukalileta sebuleni kwetu. Nafagia asubuhi, ikifika mchana ni kama sijafagia. Baba Mdogo Bushiri anakusalimu sana. Mguu wake bado unamsumbua yeye, na mdomo wake bado unatusumbua sisi.

Barua yako ya mwezi uliopita niliipata na nilimsomea Baba kama ulivyoagiza, pamoja na ile sehemu uliyoandika kwamba umeongea na mdogo wetu Zaidi kwa simu, kwamba ni mzima na kazi zimembana. Niliisoma bila sauti kutetemeka. Nimekuwa hodari wa uongo, kaka, hata mimi mwenyewe najishangaa. Lakini limetokea jambo ambalo sitaki ulisikie kwa mtu mwingine, nami siwezi kulisema bila kuanzia mbali, kwa hiyo nivumilie.

Unaikumbuka ile Datsun siku Baba alipoileta nyumbani? Ndogo, rangi ya maziwa, viti bado vina nailoni. Alikuwa ameendesha Land Rover na Peugeot za serikali maisha yake yote, na hilo ndilo lilikuwa gari la kwanza kuwa lake. Hakumruhusu mtu kuiosha. Ijumaa alikuwa anaipeleka msikitini, na msikiti wenyewe uko hapo kwenye kona, mahali ambapo kuku wetu wanafika kwa miguu. Tulicheka mpaka akatununia.

Halafu alipokwenda Tabora msibani akamwachia Zaidi ufunguo abadilishe breki. Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, maana wewe ndiye uliyekuwa bandarini Dar es Salaam na ndiye uliyeipakia ile injini kubwa ya gari la Corona kwenye treni, imefungwa magunia kama maiti. Miaka ile kila kitu kilikuwa ndiyo kwanza kinaingia nchini: mitumba, redio, magari yaliyochoka Japani yakaja kuanza maisha upya kwetu. Vijana waliokuwa wamekulia kwenye foleni ya sukari wakaona hakuna kisichoweza kuingia mahali popote. Castory, rafiki yake na fundi mwenzake wa gereji, alikuwa ameshaitia Starlet yake injini ya Celica. Basi Zaidi naye akaona Datsun ya Baba haiwezi kubaki nyuma.

Mimi nilikuwepo siku wanaiingiza. Haikutosha, wakakata bati. Gia boksi haikukaa, wakakata tena. Rejeta wakaisogeza mbele, na boneti ilipokataa kufunga wakaifunga kwa mpira wa tyubu. Nikamwuliza Zaidi kama anatengeneza gari au anashona gunia. Akaniambia ningoje nisikie. Ilipowaka, kaka, vijana wote wa gereji waliweka spana chini. Ilikuwa sauti nzito, ya chini, inatoka kwenye kigari ambacho ukikiangalia unadhani kitakuomba maji ya kunywa.

Jumapili moja walinichukua mpaka Kibaigwa. Nilikaa nyuma, nimefunga ushungi kwa mafundo mawili, nikisoma kila dua niliyofundishwa. Castory yuko mbele na Starlet yake, sisi nyuma, mara sisi mbele. Pale sokoni madalali wa mahindi waliacha mizani yao wakaja kutuzunguka. Wakati wa kurudi tulilipita Benzi la mheshimiwa mmoja aliyekuwa anawahi Bunge. Tuliposimama Mbande kunywa soda, dereva wake naye akasimama, akashuka akauliza kuna nini humo ndani. Zaidi akafungua boneti taratibu, kama mtu anayemfunua mtoto mchanga aonwe na wageni. Sijawahi kumwona mdogo wetu ana furaha kama siku ile. Ukiniuliza ndugu yako alikuwaje, nitakwambia hivyo: ameshika boneti kwa mkono mmoja, uso mzima meno.

Baba aliporudi kutoka Tabora hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alilizunguka gari mara moja, akagusa ule mpira wa tyubu, akasema gari aliloliacha limekwishauawa, na aliyeliua aondoke na mzoga wake, wasipite mlangoni kwake mpaka injini ya Datsun irudi mahali pake. Zaidi hakuwa na cha kurudisha. Injini ya zamani ilikuwa imeshauzwa Kibakwe inasaga mahindi. Na hata angeweza, nadhani asingefanya, maana kiburi cha Baba ndicho alichorithi yeye, sisi wengine tumeambulia pua tu. Akahamia chumba cha nyuma cha gereji.

Sasa nisikilize hapa. Tangu wiki ile, kila siku kabla ya magharibi, Zaidi alikuwa anapita mbele ya nyumba na ile Datsun. Hasimami. Akifika usawa wa baraza letu anakanyaga mafuta kidogo, mara mbili, kisha anakwenda zake. Nilimwuliza siku moja anataka nini, anataka kumchokoza mzee? Akaniambia hapana, hiyo ndiyo shikamoo yake, kwa kuwa ya mdomo imekataliwa. Baba akisikia mlio ule alikuwa anachukua tasbihi yake anaingia ndani. Miaka mitatu ilikwenda hivyo, kaka. Nami nilikuwa nadhani anaingia kwa hasira.

Mauti ya Zaidi huko bwawani Mtera unayajua. Aliondoka na lori la samaki kwenda kutengeneza injini ya mashua, gari akaliacha kwa Castory, malaria ikampanda kichwani huko huko. Baba alikuwa hospitali na kiharusi chake, hawezi hata kumeza uji. Baba Mdogo akaenda akamzika Mtera, akarudi akasema daktari amekataza mshtuko wowote, na wewe ukatuma neno lile lile kwamba mzee asiambiwe mpaka uje. Kisomo tukafanyia kwa Baba Mdogo. Mimi nikalia kwenye nyumba ya watu, nikanawa uso, nikaenda hospitali na chupa ya chai nikitabasamu.

Tulipomrudisha nyumbani tulimlaza chumba cha mbele, kitanda karibu na dirisha. Mdomo umepinda lakini maneno yanaeleweka ukimpa nafasi. Siku ya kwanza, kabla ya magharibi, nikamwona anageuza kichwa dirishani. Anangoja. Adhana ikapita, tukaswali. Baada ya swala akaniuliza mbona leo halijapita.

Hakuwahi kulitaja gari lile tangu amfukuze mwanawe. Nikasema labda ni bovu. Kesho yake nikaenda gereji nikamwomba Castory apite nayo. Alikataa kwanza, akasema wao kwao hawachezi na vitu vya marehemu. Kisha akalia, kisha akachukua ufunguo. Tangu siku hiyo amekuwa akipita kila jioni, anakanyaga mara mbili, anakwenda. Baba Mdogo sikumwambia. Wewe pia sikukuandikia, nilijua utasema nimepata wazimu tangu nilipopunguzwa kazi.

Na uongo ukishauzaa unaulea. Mama Dorothea, jirani yetu, alikuwa Mpwapwa tulipofiwa. Aliporudi akaja moja kwa moja na sinia la unga kichwani, akaanza kulia kuanzia getini. Nilimkimbilia nikamziba mdomo kwa kanga yangu. Baba akauliza kutoka ndani kuna nini. Nikasema Mama Dorothea anaumwa jino. Maskini mama wa watu ikabidi aingie ameshika shavu, Baba akampa pole na kumwelekeza dawa ya karafuu. Alipotoka tulikaa jikoni tukacheka, halafu hatukuweza kunyamaza, na haikuwa tena kicheko.

Sasa nifike kwenye lenyewe. Jumatano iliyopita gari lilipopita, nilikwenda uani kama kawaida yangu, nikakaa karibu na pipa la maji mpaka macho yakauke. Niliporudi Baba akaniambia niketi. Akaniuliza, polepole sana, tumemzika wapi.

Kaka, nikamsogezea sikio. Nilidhani amesema neno jingine. Akarudia. Nikamwambia Mtera. Akauliza kama aliogeshwa na watu wanaojua, nikamwambia Baba Mdogo alikuwepo. Akafumba macho akasema innaa lillaahi wa innaa ilayhi raajiuun.

Kisha ndipo aliponieleza. Alisema jioni ile ya kwanza gari lilipopita tena alifurahi. Ya pili akatega sikio. Ya tatu akajua. Mtu anayeliendesha siku hizi, alisema, anabadilisha gia katikati ya kona ya msikiti. Zaidi hakuwa anabadilisha gia kwenye kona. Alikuwa anaibeba gia ya pili, haiachii, mpaka kona iishe, mpaka ukuta wa msikiti uishe, ndipo anaweka ya tatu, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa, na aliyemfundisha ni yeye Baba, kwenye uwanja wa Kikuyu, mtoto akiwa bado miguu yake haifiki vizuri kwenye klachi. Na Zaidi asingemwazima mtu gari lile akiwa hai. Basi akahesabu mwenyewe, peke yake, akiwa amelala pale.

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akasema alikuwa ananisikia nikienda uani kila jioni. Aliona labda gari lile linapita kwa ajili yangu, akaogopa kuninyang'anya.

Akanieleza pia kwamba miaka yote ile hakuwa anaingia ndani kwa hasira. Alikuwa anangoja apite ndipo akatawadhe. Akishasikia, anajua mtoto ni mzima, anaweza kuswali. Alikuwa anataka kumwita. Kila Ijumaa alisema Ijumaa ijayo. Hapo Baba alilia, kaka, kwa ule upande mmoja wa uso unaoweza kulia, na mimi sikujua nimfute machozi au nimwache. Nikamwambia habari ya kukanyaga mara mbili, kwamba ilikuwa shikamoo. Hilo alikuwa halijui. Laiti ningalimwambia mapema, lakini ni nani aliyeniuliza?

Nikasema basi nitakwenda kumzuia Castory asipite tena. Baba akageuza kichwa dirishani. Kisha akasema hapana, apite. Ila nimwambie asibadilishe gia kwenye kona.

Nilikwenda. Castory alinisikiliza akiwa chini ya gari la mtu, na hakutoka huko chini kwa muda. Alhamisi jioni nilimwegemeza Baba kwenye mito akiangalia dirishani. Tulilisikia likitokea sokoni. Likaingia kona na gia ya pili, likaibeba, likaibeba, ukuta wa msikiti ukaisha, ndipo tukasikia ya tatu. Lilipofika usawa wetu likakanyagwa mara mbili.

Baba akainua ule mkono mzima, akasema marahaba.

Basi kaka, usiandike tena kwamba Zaidi anatusalimu. Andika yako tu. Mimi nimevaa nguo za msiba waziwazi sasa, na wanawake wa mtaa wanakuja kunipa pole kwa mlango wa mbele. Ukipata ruhusa njoo, tumpeleke Baba Mtera, anasema atakwenda kwa Datsun hiyo hiyo hata kama ni kulazwa kiti cha nyuma.

Kuna ombi moja, na si langu. Castory anasema klachi inaanza kuteleza na sahani ya klachi ya Corona haipatikani Dodoma. Baba amesema nikuandikie wewe. Nikamwuliza kwa nini usumbuliwe wewe uliye mbali. Akasema aliyeleta injini alete na klachi yake. Kumbe hilo nalo alikuwa analijua siku zote.

Castory, Mama Dorothea na Baba Mdogo wote wanakusalimu. Baba anasema ule vizuri na usiache swala. Mungu akulinde ugenini mpaka tuonane.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Lulu Mgeni